Jina la Mama Mkwe Katika Msitu wa Vyanda

Njia za msitu wa Vyanda hazikutengenezwa na mtu mmoja, wala kwa nia moja. Kuna zile zinazosafishwa na walinzi wa hifadhi, pana kidogo, zenye magogo yaliyolazwa kwenye miteremko ili mgeni aliyekuja kutazama sokwe asiteleze. Kuna za kina mama wa milimani, nyembamba, ambazo karibu zote huishia kwenye maji. Na kuna za wanyama. Njia ya mnyama inafanana kabisa na ya binadamu, mpaka pale inapopita chini ya matawi yanayomfikia mtu kiunoni. Hapo ndipo unapojua kwamba aliyeipitia haendi kwa miguu miwili. Mtu anayetembea wima analijua hilo mara moja, kwa sababu tawi linampiga tumboni. Aliyeinama hajui kitu.

Mama mkwe wangu alikuwa ameinama, anatafuta uyoga.

Mimi ni mtu wa ufukweni mwa ziwa. Nimezaliwa Rumonge, mtaa wa Waislamu, mahali ambapo harufu ya ndagala, dagaa wetu, zilizoanikwa ndiyo saa yetu ya asubuhi. Kazi yangu ni cherehani, nashona sokoni. Msitu kwangu ulikuwa ni ile rangi iliyoko juu, nyuma ya michikichi, ambako mvua hutokea ikitushukia. Mama mkwe yeye ni mzaliwa wa huko juu. Alishuka akiwa binti kuja kuolewa mjini, akasilimu, akajifunza Kiswahili chetu, akajifunza pilau hadi akatushinda sisi tuliozaliwa nayo. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, alikuwa akisimama uani, anainua pua, anasema, “Uyoga umeota,” kama mtu anayetangaza kwamba mgeni yuko mlangoni.

Jina lake silitaji. Hata hapa sitalitaja, na si kwa ajili ya kumficha. Kwa watu wa kwao mkazamwana hataji jina la wakwe zake, na mimi nilipoingia katika nyumba ile nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa jiko liko wapi. Wenzangu wa mtaani, ambao kwao mama mkwe anaitwa jina lake bila mbingu kuanguka, walinicheka sana. Tatizo ni kwamba jina lake linafanana na neno la Kirundi la chombo fulani cha jikoni. Basi miaka yote ya ndoa yangu chombo hicho nilikiita “kile cha kukorogea.” Muuza duka ananiuliza, “Kipi?” Mimi nazungusha mkono hewani kama mwehu. Muuza duka anakitaja chenyewe kwa sauti, mimi natazama kando kwa haya. Mume wangu alikuwa akinitega makusudi, “Hebu nitajie hiki kinaitwaje,” akikishika juu, na mama yake anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mume wangu alifariki kwa maradhi ya figo. Hatukujaliwa mtoto. Eda ikaisha, na maneno yakaanza, yale ya watu wema wanaokutakia mema. Jirani mmoja aliniambia waziwazi, akichambua mchele wake, kwamba mume akishafariki ukwe nao umekwisha, mimi bado nina nguvu, niolewe; na bibi yule ana binti yake Nyanza-Lac, mwenye nyumba nzuri na mashamba ya michikichi, aende akatunzwe na damu yake. Wifi yangu naye akawa anapiga simu kila wiki: atakuja kumchukua mama. Si mtu mbaya. Alikuwa na haki yote, na hilo ndilo lililoniumiza, maana mwenye haki humwezi hata kwa ugomvi.

Sikutaka aende. Nalisema sasa kwa kinywa kipana, lakini wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote. Ningesema kama nani? Mtoto wake nilikuwa naye kwa mkopo wa Mungu, na Mungu amemchukua. Asubuhi nilikuwa nikimsikia akikohoa chumba cha pili, nashukuru kwamba kuna mtu anayekohoa. Naye hakusema anataka nini. Sisi wawili tulikuwa hodari wa kuulizana kama chumvi imetosha.

Wifi alipopanga siku ya kuja, mama mkwe aliniambia neno moja tu. “Kabla sijaenda, nataka nipande Vyanda, nitafute uyoga. Utanisindikiza?”

Nikafunga cherehani.

Tulipanda gari la njia ya Bururi, tukashushwa mahali ambapo barabara inaacha mashamba na kuanza kupinda. Mlinzi wa hifadhi, mwanamume wa makamo mwenye mabuti ya mpira, alitupokea kwa “amahoro” na akatutazama kwa mashaka kidogo: wageni wake huwa na kamera, sisi tulikuwa na kikapu na chupa ya chai. Mama mkwe alizungumza naye Kirundi cha huko juu, wakatajiana koo na vilima, na kabla chai haijapoa akawa kama mjomba wetu. Alisema atatupitisha njia ndogo ya wageni, ile inayozunguka na kurudi, na kwamba kwa uyoga wa chungu cha nyumbani hatatugombeza.

Sijui nilitegemea nini. Nilidhani msituni ni giza na kelele. Vyanda baada ya mvua za kwanza ni mwanga. Miti ya miombo haibanani. Kila mmoja umempa mwenzake nafasi ya kupumua, na majani machanga yana wekundu unaong’aa jua likipita. Njia inakwenda kwa kupinda, hailazimishi kilima. Mimi niliyezoea barabara ya Bujumbura iliyonyooka kando ya ziwa, mwanzoni nilikasirika: kwa nini tunazunguka, na kule mbele kunaonekana? Mlinzi akasema anayekata moja kwa moja hufika amechoka, halafu mvua inageuza njia yake kuwa mfereji. Kawia ufike, kwa maneno mengine. Nikazungusha miguu. Baada ya muda nikaona kwamba ukitembea hivyo fikira nazo zinaacha kukukimbiza. Nilimfikiria mume wangu kwa mara ya kwanza bila kuanzia hospitali. Nilimkumbuka akishika kile cha kukorogea.

Mama mkwe alikuwa mtu mwingine kabisa humo ndani. Nyumbani anatembea akishika ukuta. Pale alikuwa akitangulia, anarudi, anaingia kando ya njia, anafukua majani kwa fimbo, anatoka na uyoga wa rangi ya kiini cha yai na kuninusisha. Alinionyesha ule wa kula na nduguye anayeua, wanaofanana kama mapacha. Mimi sikuona tofauti yoyote. “Angalia chini ya kofia,” alisema. “Wote wanapendeza juu.”

Tulipofika pale njia inapogawanyika, mlinzi alisimama kunieleza viota vya sokwe, ambavyo vilionekana juu kabisa kama vikapu vilivyosahauliwa. Tulitazama juu, mimi na yeye, shingo zimekunjika. Tulipoteremsha macho, mama mkwe hakuwepo.

Mwanzoni hatukushtuka. Tulisubiri kidogo, tukatembea mbele, tukarudi nyuma. Nikaita, “Mama!” Nikaita tena. Ndege mmoja akajibu kwa dharau. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, yale meusi chini, na mlinzi aliyatazama kwa namna ambayo sikuipenda.

“Jina lake nani?” aliniuliza. “Tuite jina. ‘Mama’ iko ya kila mutu.”

Nikatazama mabuti yake.

“Hujui jina ya mama yako?”

“Ni mama mkwe.”

“Aaa.” Naye ni Mrundi wa vilima, alielewa papo hapo, akavua kofia akakuna kichwa. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, bibi amepotea, mvua inakuja, na adabu imetuziba mdomo. Mwishowe aliniokotea kijiti. “Basi andika hapa chini. Kuandika siyo kusema.”

Nikachutama nikaliandika kwenye udongo mwekundu. Alilisoma, akatabasamu kidogo kwa sababu ya kile chombo, halafu akalifuta kwa buti lake taratibu, kwa heshima. Akaweka mikono mdomoni akaliita jina la mama mkwe wangu. Sauti yake ilikuwa kubwa, ikashuka bondeni ikapanda upande wa pili. Aliita kila upande. Hakuna aliyeitika.

“Labda anaogopa sauti ya mwanaume hamujui,” alisema. “Yako anaijua. Ita weye.”

Nilisema siwezi. Akanyoosha kidole kuelekea mawingu. Alisema kule chini kuna korongo, na mvua ikinyesha mteremko wote unakuwa sabuni, na mtu wa umri ule akianguka huko kumtoa ni kazi ya kijiji kizima. Hakunisukuma.

Nikaliita.

Nilianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Halafu nikalipaza. Halafu nikalipiga yowe hadi koo likawasha, jina lile ambalo nilikuwa nimelizunguka maisha yangu yote ya ukubwa, tupu, bila “mama” mbele yake, kama mtu anayemwita mtoto aliyetoroka dukani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaendelea. Jina likaenda, likagonga mlima, likanirudia, na kila liliporudi lilikuwa kama linaniuliza mimi ni nani hata nilitaje.

Mlinzi alisema ataenda upande wa korongo, mimi nibaki palepale penye njia panda ili tusipotee wote. Aliondoka haraka. Nikakaa juu ya gogo. Na hapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, hasira zikanipanda. Mimi nikiogopa huwa nagombana, ndivyo nilivyoumbwa. Nikaanza kumgombeza yeye asiyekuwepo.

“Ndivyo mnavyojua ninyi,” nikasema kwa sauti, “kuondoka tu! Kwanza mtoto, sasa mama. Kaondoka bila kuaga, amefuata uyoga! Na huu uliomo kikapuni nitaupika vipi mimi, nikala ule unaoua nikafa peke yangu? Nani atanikaripia kwamba mboga zimeiva mno? Nendeni wote. Nenda Nyanza-Lac ukalishwe na damu yako. Mimi nitakohoa mwenyewe asubuhi. Sitaki uende! Umesikia? Sitaki uende, na sina hata haki ya kusema!” Machozi na kamasi vikachanganyika, nikajifuta kwa kilemba.

“Simama,” sauti ikasema nyuma yangu. “Umekalia siafu.”

Nikaruka. Kweli walikuwa wameshaanza kunipanda. Mama mkwe alikuwa ametokeza kwenye kichaka, karibu kiasi cha kunigusa kwa fimbo, upande ambao matawi yanafika kiunoni. Kitenge chake kimejaa uyoga, uso umekauka kama mtu aliyetoka kwenye mtihani. Nilimkumbatia, jambo ambalo nalo halifanywi, huku napiga miguu chini kwa ajili ya siafu.

“Ulikuwa wapi? Tumeita mpaka basi!”

“Nilikuwa hapahapa. Njia iliingia chini ya miti, miye nikafuata uyoga, sikusikia kitu, nikainuka nikaona si njia ya watu. Nikakaa chini ningojee.” Alishusha pumzi. “Nilisikia.”

“Ulisikia ukanyamaza?”

Akanishika mkono, akaniangalia kwa macho makubwa, kisha akasema kwa sauti ya chini. “Mu pori, mutu usiyemuona akikuita jina, hauitiki. Mama yangu alinifunza. Iko kitu inachukuaka sauti ya watu, inakuita, ukiitika inakupeleka. Ya kwanza ilikuja na sauti ya mwanaume. Nikanyamaza. Kisha ikaja na sauti yako.” Hapo akatikisa kichwa. “Ikaniita jina! Na sauti yako kabisa! Nikajua hii ni yenyewe. Mukazana wangu hawezi kunitaja jina. Nikajificha sana. Nimesoma Ayatul Kursi mpaka ulimi umekauka, na ile kitu inazidi tu kuita.”

Alikuwa amejibanza pale, hatua chache, akinisomea Kursi mimi. Alikuwa na hakika na mimi kuliko alivyokuwa na hakika na masikio yake.

“Lakini kisha nikasikia mutu anagombana juu ya mboga,” alisema, “nikasema, hapana, huyu ni yeye. Shetani hajui mambo ya mboga.”

Nilicheka nikiwa bado nalia. Naye alicheka. Kisha akaacha, akaniangalia, na nikaona swali likimpanda usoni taratibu.

“Ni weye uliita?”

Ningeweza kusema hapana. Mlinzi alikuwa mbali, na msitu hausemi. Lakini mtu aliyekuwa amenisomea Kursi kwa imani ile, nimdanganye vipi tena?

“Ni mimi, mama. Niliogopa.”

Aliinama akapanga uyoga kikapuni, mmoja mmoja, kofia zikitazama chini. Mlinzi akarudi anahema, akamshukuru Mungu kwa Kirundi na kwa Kifaransa, na mvua ikatukuta tukishuka. Njia yote hakusema neno. Alitembea mbele yangu akishika fimbo, na mimi nikitazama visigino vyake vilivyojaa tope jekundu, nikifikiria kwamba uzi ulikuwa mmoja tu uliobaki na nimeukata kwa mdomo wangu. Mtoto sina, mume sina. Heshima ile ndiyo iliyokuwa imebaki kunifanya mkazamwana wa mtu. Msitu ulipofunguka tukaliona ziwa lote chini, la kijivu, na milima ya Kongo imefutika. Sikulifurahia.

Uyoga tuliupika kesho yake. Alipika yeye. Aliniuliza kama chumvi imetosha, nikasema imetosha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikingoja mshindo. Alikunja kanga zake akaziweka kwenye mfuko. Akaondoa picha ya mtoto wake ukutani, akaifuta vumbi, akairudisha ukutani, na hilo sikujua nilielewe vipi.

Wifi alikuja na gari la kukodi, amevaa vizuri, ameniletea chupa ya mawese mapya na kanga ya zawadi. Tukasalimiana vizuri. Nikaandaa chai. Alikaa kando ya mama yake mkekani, akamshika goti, akasema kwa upole kweli:

“Mama, chumba chako iko tayari. Wajukuu wanakungoja. Hapa uko na nani? Kaka hayupo. Mutoto hakuacha.”

“Iko mukazana.”

“Mama, naye iko na maisha yake. Kaka amekufa, ukwe umekwisha. Usimufunge mutoto wa watu.”

Mama mkwe alikunywa chai yake. Hakuwa na haraka. Alizunguka jambo kama njia za kule juu zinavyozunguka kilima.

“Kwako, nani atakuwa mukwe yangu?” alisema. “Mume wako ananiita bibi, majirani wataniita jina, watoto wa jirani wataniita jina. Nitakuwa mama yako tu. Hapa niko mama ya mutoto wangu yule.” Akatazama picha ukutani, kisha akanielekezea mimi kidevu. “Ukwe unakwisha siku mukazana anakutaja jina. Na huyu, tangu aingie mu nyumba yetu, hajanitaja. Hata siku moja. Hata siku ile nilipotea mu pori, na mvua inakuja, alikataa. Muulize.”

Alisema hivyo bila kupepesa, mwanamke anayeswali sala tano, akinitazama machoni. Chai ilikuwa ikimiminika nje ya kikombe nami sioni.

Wifi akanigeukia. “Ni kweli? Hata mule porini hukuita jina?”

Nikaweka birika chini.

“Jina gani?” nikasema.